Fazi, Mwangwi na Sauti Safi: Uteuzi wa Pedali za Gitaa katika Muziki wa Dansi, kwa Kurejelea Ifakara na Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata majina ya bendi, waimbaji na maudhui ya nyimbo. Sauti yenyewe ya gitaa la umeme, pamoja na vifaa vilivyoiumba, imebaki pembezoni. Inapotajwa, maelezo yanayotolewa kwa wepesi ni kwamba wapiga gitaa wa miaka ya 1960 na 1970 walipiga kwa sauti safi kwa kuwa hawakuweza kupata pedali za kubadilisha sauti. Makala haya yanaihoji hoja hiyo. Uhaba ulikuwepo, lakini peke yake hautoshi kueleza kilichosikika. Ifakara inafaa kuwa mahali pa kuanzia uchunguzi huu kwa sababu reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976, inaliunganisha Bonde la Kilombero na pande mbili zilizokuwa na sauti mbili tofauti za gitaa: Dar es Salaam kwa upande wa mashariki na Zambia kwa upande wa kusini magharibi.

2.0 Pedali na Kazi Zake

Pedali ni kisanduku kinachowekwa kati ya gitaa na amplifaya, nacho huwashwa au kuzimwa kwa mguu. Tatu ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza ni fazi. Saketi yake huikuza ishara ya gitaa kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi vikatwe, na sauti ikawa nzito yenye mkwaruzo. Kifaa cha Maestro FZ-1, kilichotoka Marekani mwaka 1962, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuuzwa kwa ajili hiyo. Ya pili ni wawa, iliyoingia sokoni mwaka 1967, ambayo husogeza mkazo wa sauti kutoka besi hadi sauti nyembamba kwa kadiri mguu unavyokanyaga. Ya tatu ni mwangwi, ambao kabla ya zama za dijitali ulitolewa kwa mashine za utepe kama Watkins Copicat ya mwaka 1958.

Tofauti ya mahitaji ya vifaa hivi ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Mashine ya utepe ilikuwa na mota, ilihitaji umeme wa ukutani, na utepe wake ulichakaa. Fazi ilihitaji transista chache na betri ndogo tu. FZ-1 iliendeshwa kwa betri mbili za volti 1.5 kila moja, volti zilezile za betri za tochi na redio. Kwa hiyo, kama ugumu wa kupata umeme ndio ungekuwa sababu kuu, fazi ndiyo ingekuwa pedali ya kwanza kuenea mahali pasipo na gridi. Katika muziki wa dansi haikuwa hivyo.

3.0 Uhaba au Uteuzi?

Hoja ya uhaba ina msingi. Ala za bendi nyingi zilikuwa mali ya mwenye bendi, si ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa chini ya kiwanda cha nguo. Polisi Jazz ilikuwa chini ya jeshi la polisi. Mpigaji aliyehama bendi aliacha gitaa nyuma yake. Katika mazingira hayo, ununuzi wa pedali haukuwa uamuzi wa msanii mmoja, na fedha za kigeni zilipopungua mwishoni mwa miaka ya 1970, kifaa kidogo cha kutoka nje hakikuwa na nafasi mbele ya amplifaya na nyuzi.

Hata hivyo, kundi la Sunburst, lililotokea Dar es Salaam hiyohiyo, lilirekodi kati ya mwaka 1973 na 1976 nyimbo zenye fazi na wawa. Kundi hilo linathibitisha kwamba vifaa hivyo havikuwa vigeni kabisa nchini. Ng'ambo ya mpaka, bendi za Zambia kama WITCH, iliyotoa albamu ya Lazy Bones!! mwaka 1975, na Amanaz, ziliifanya fazi kuwa alama ya mtindo wao. Ni kweli kwamba uchumi wa shaba uliifungulia Zambia milango ya bidhaa za nje. Lakini fedha haielezi kwa nini Sunburst walikwenda njia ya Wazambia ilhali majirani zao wa dansi hawakwenda.

Jibu linapatikana katika muundo wa bendi. Kundi la roki lenye gitaa moja au mawili lina nafasi tupu, na fazi huijaza. Bendi ya dansi ilikuwa na gitaa la solo, gitaa la solo la pili, rizimu na besi, pamoja na ala za kupuliza na sauti za waimbaji. Magitaa hayo husukana: kila moja hudondoa noti zake pale ambapo jingine limenyamaza. Noti mbili zikipigwa kwa pamoja kupitia fazi, saketi huzalisha sauti za ziada zisizokuwa katika noti hizo, na msuko huvurugika. Zaidi ya hayo, dansi ni muziki wa maneno. Msikilizaji alitaka kusikia kisa na funzo. Mwangwi mfupi uliweza kuurefusha uzi bila kuufunika mwingine. Upigaji wa Mbaraka Mwinshehe, kwanza na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, ni mfano dhahiri: nguvu yake imo katika mbio na uwazi wa noti. Kumpa fazi kungekuwa kumpokonya kile alichokuwa nacho.

4.0 Bonde la Kilombero

Bonde hili linaonesha jinsi sababu za kiuchumi na za kisanaa zilivyokutana. Mashamba na viwanda vya sukari vya Kilombero, pamoja na ujenzi wa reli, vilikusanya vijana wa mshahara kutoka mikoa mingi. Mavuno ya mpunga yalileta fedha kwa msimu. Hadhira ya dansi ilikuwepo. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, lakini nguvu yake ilisafirishwa hasa kuelekea Morogoro na Dar es Salaam, na vijiji vingi vilivyo jirani na chanzo hicho vilibaki gizani. Bendi inayozuru mahali kama hapo hulazimika kubeba jenereta, na masika bonde hufurika na barabara hukatika. Mzigo wa msafara hupimwa kwa uzito na kwa uwezekano wa kuharibika. Mashine ya mwangwi hubaki mjini. Gitaa, amplifaya na ufundi wa vidole husafiri. Hivyo sauti safi ilipendelewa na sanaa na pia ikavumilia safari.

5.0 Hitimisho

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kutokuwepo kwa kifaa katika rekodi kusisomwe moja kwa moja kuwa ni umaskini. Mtafiti anapaswa kuuliza kwanza kifaa hicho kingefanya kazi gani katika msuko wa bendi. Swali hilo ndilo pia linalomkabili mpiga gitaa wa leo, awe wa bendi au wa kwaya ya kanisa, anaponunua pedali Kariakoo: je, kuna nafasi gani iliyo tupu ambayo pedali hii itaijaza? Pili, rekodi pekee ni shahidi mwenye mipaka, kwa kuwa mwangwi unaosikika katika santuri unaweza kuwa uliongezwa studioni na si jukwaani. Ushahidi wa jukwaani umo katika kumbukumbu za wapigaji, mafundi wa amplifaya na wachezaji dansi wa miji kama Ifakara. Kizazi hicho kinazidi kupungua, na kila anayeondoka bila kuhojiwa huiachia hoja ya uhaba nafasi ya kujifanya historia.