Hoteli za zamani za Dar: wazee wetu walikula wapi?

Huku kwetu Bariadi ukisema "naenda hotelini" kila mtu anajua unaenda kula ugali, sio kulala. Sasa wazee waliowahi kufika Dar wakianza stori, majina ni yale yale: New Africa, Salamander. Sisi vijana tunayajua kwa kusikia tu, kwa hiyo leo tuyaweke sawa.

NEW AFRICA
Ilijengwa na Wajerumani mwaka 1906, jirani na bandari, ikiitwa Kaiserhof. Mwingereza alipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikapewa jina la New Africa. Jengo lile la Mjerumani lilishabomolewa. Hoteli ya leo yenye jina hilo ni ghorofa jipya kwenye kiwanja kile kile.

SALAMANDER
Huu ulikuwa mkahawa, kona ya Samora na Mkwepu. Samora yenyewe enzi za mkoloni iliitwa Acacia Avenue, halafu ikawa Independence Avenue. Jengo la zamani nalo halipo, pamesimama Salamander Tower. Jina limebaki, chai imekwisha.

KWA NINI MIGAHAWA YA AINA HIYO ILIPOTEA?
Kwanza, mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wafanyabiashara wengi wenye asili ya Asia wakafunga virago.
Pili, baada ya vita ya Kagera (1978-79) sukari, unga na mafuta vikawa vya foleni. Utauza maandazi kwa unga gani?
Tatu, mama ntilie wakaingia mjini kwa nguvu. Jina limetokana na wateja kusema "mama nitilie". Sahani yao ilikuwa bei poa.
Nne, viwanja vya katikati ya mji vikawa dhahabu. Jengo la chini haliwezi kushindana na ghorofa.

NA SISI JE?
Bariadi imekuwa makao makuu ya mkoa wa Simiyu tangu 2012, na mji unabadilika haraka. Hoteli ambayo mjomba alinipeleka kunywa chai nikiwa mdogo, pale karibu na stendi, siku hizi ni duka la simu. Nimetafuta picha yake, sijapata hata moja. Dar walau wana picha za Kaiserhof ya Mjerumani! Jamani, mwenye picha au kumbukumbu asikae nayo. Wazee wanaondoka.