Koili ya gitaa: Waya mwembamba uliobeba sauti ya Kericho

MJI wa Kericho unajulikana duniani kwa majani chai, lakini kwa wapenzi wa muziki wa Kenya jina lake limo pia kwenye santuri. Hapa ndipo familia ya Chandarana ilipoendesha duka la muziki na kampuni ya kurekodi, ambayo katika miaka ya 1970 na 1980 ilitoa nyimbo za wanamuziki wa Kipsigis pamoja na za wenzao kutoka Nyanza na Magharibi.

Kabla ya hapo, mnamo 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha” kwa mdundo wa chepkong'o, ala ya nyuzi ya jamii hiyo. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika eneo hilo kupitia santuri. Chepkong'o haikuhitaji umeme. Gitaa lililotawala bendi za baadaye, kama Koilong'et ya Kipchamba arap Tapotuk, lilihitaji, na sauti yake ilianzia katika kifaa kidogo kilicho chini ya nyuzi.

Kifaa hicho wanamuziki hukiita pikapu, jina moja na lile la gari dogo la mizigo. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba uliozongwa maelfu ya mara. Uzi wa gitaa ni wa chuma. Unapotikisika juu ya sumaku huvuruga nguvu zake, na mvurugiko huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya. Umeme huo ndio hupelekwa kwenye amplifaya na kutoka spikani. Kanuni yenyewe iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker waliitumia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuunda gitaa la umeme lililouzwa madukani.

Mashine zilizotoka kwenye uzi

Waya wa pikapu ya kawaida una unene wa takriban milimita 0.06, karibu sawa na unywele. Pikapu moja ya gitaa aina ya Fender Stratocaster, lililotolewa mwaka 1954, huwa na mizunguko ipatayo 8,000, yaani takriban kilomita nzima ya waya. Kazi hiyo haiwezekani kwa vidole vitupu.

Viwanda vya Marekani vilitumia mashine zilizofanana kimsingi na kile kisehemu cha cherehani kinachojaza uzi kwenye bobini, ila kubwa na zenye kasi. Ufanano huo si wa bahati. Kampuni ya Universal Winding, ambayo baadaye iliitwa Leesona, ilianza kwa kutengeneza mashine za kuzonga uzi wa nguo kabla ya kuingia kwenye waya wa umeme. Mota huzungusha kiunzi, na kipande cha chuma huongoza waya kwenda kushoto na kulia ili ujipange tabaka juu ya tabaka.

Kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo kilitumia mashine za Leesona kuzonga pikapu za koili mbili alizobuni Seth Lover mwaka 1955. Koili hizo huunganishwa kinyume ili mngurumo wa umeme wa nyumbani, ambao nchini Kenya ni wa mitetemo 50 kwa sekunde, ujifute wenyewe. Kila koili ilikusudiwa kuwa na mizunguko 5,000, lakini idadi ilitofautiana pikapu hadi pikapu. Kwa Fender, waya uliongozwa kwa mkono. Abigail Ybarra, aliyeajiriwa mwaka 1956, alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2013.

Tofauti hizo ndogo ndizo zinazowafanya mafundi wa leo kuzitafuta mashine za kale. Mtengenezaji Seymour Duncan wa California, kwa mfano, alinunua mashine ya Leesona iliyotumika Kalamazoo. Mashine ya kompyuta hupanga waya sawasawa kila mara. Ile ya zamani huacha nafasi zisizolingana kati ya tabaka, jambo ambalo hubadilisha kidogo sauti nyembamba za juu.

Idadi ya mizunguko nayo ina uzito wake. Mizunguko ikizidi, sauti huwa na nguvu lakini ukali wake hufifia. Ikipungua, sauti hudhoofika lakini hung'aa. Mpigaji wa benga, ambaye gitaa lake la solo hutembea juu kabisa, hupoteza mengi akipewa koili iliyojazwa kupita kiasi.

Ujuzi ulio karibu

Adui wa waya huu ni unyevu, na nyanda za chai hazina uhaba wa mvua. Maji na jasho hupenya, shaba huota kutu ya kijani, na waya hukatika, mara nyingi pale ulipolehemiwa. Gitaa hunyamaza, na mwenyewe huishia kutupa pikapu.

Hata hivyo, koili iliyokatika husukwa upya. Kanuni za kazi hiyo ni zile zile wanazozijua mafundi wanaosuka mota za umeme, kama zile za mafeni ya kunyausha majani na mashine za kusaga katika viwanda vya chai kama vya Kapkatet, Litein, Mogogosiek na Kapkoros. Fundi hupima unene wa waya, huhesabu mizunguko na huandika uelekeo wake kabla ya kukata chochote. Uelekeo ukikosewa, pikapu hiyo ikipigwa pamoja na nyingine, sauti hukonda badala ya kuongezeka.

Kinachobadilika ni wepesi wa mkono. Waya wa mota huvumilia kuvutwa. Wa pikapu hukatika ukikazwa kidogo tu, na ukilegea koili hupiga mluzi mbele ya spika kubwa. Ndiyo maana koili iliyokamilika hutumbukizwa katika nta ya mshumaa iliyochanganywa na nta kidogo ya nyuki. Nta hiyo huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani hushika moto upesi.

Hatua isiyoweza kurudiwa ni ile ya kwanza. Koili ya gitaa la zamani ikikatwa na kutupwa kabla ya kuhesabiwa, fundi atakayeisuka upya hubaki kukisia, na sauti iliyosikika kwenye santuri haina tena kipimo cha kuirejesha.