Napster na Daftari Lake

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, vijana wetu huniuliza mtindo wa kugawana nyimbo bure kwa kompyuta ulianzia wapi. Nawajibu kwamba ulipata nguvu Marekani mwezi wa Juni 1999, Shawn Fanning na mwenzake Sean Parker walipotoa programu iitwayo Napster.

Nyimbo zenyewe zilikaa katika kompyuta za watumiaji. Kampuni ilitunza daftari tu, lenye kuonyesha nani ana wimbo gani. Aliyeutaka aliuchukua moja kwa moja kwa mwenziwe. Sisi tulipoazimana santuri bwenini, mwenye santuri alibaki bila. Hapa mwenye wimbo alibaki nao, na nakala zikazaana kwa mamilioni, wala mtungaji asipate hata senti.

Makampuni ya muziki yalishtaki Desemba 1999, na bendi ya Metallica Aprili 2000. Napster ilijitetea, lakini Februari 2001 mahakama ya rufani iliona kwamba mwenye daftari alijua yanayotendeka na aliweza kuyazuia. Julai mwaka huo huduma ikasimama.

Kwa maoni yangu hukumu ilikuwa ya haki, ila haikutosha. Tangu Machi 2000 ilikuwapo Gnutella, isiyo na daftari la kati, na mahakama haikuwa na mlango mmoja wa kufunga. Nafuu ilianza Aprili 2003, kampuni ya Apple ilipouza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za dola. Mtungaji hulindwa na sheria, lakini hulishwa na mnunuzi aliye radhi kulipa.