Asili ya Mita

Msomaji wangu, rula iliyomo mkobani mwako ina historia ndefu. Kabla yake, wazee wetu wa pwani walipima kwa viungo vya mwili: shibiri mbili zilifanya mkono mmoja, na mikono minne ilifanya pima moja. Vipimo hivyo vilifaa, kwani hapana aliyeweza kuvisahau nyumbani. Lakini mkono wa muuza nguo aliye mfupi haukuwa sawa na mkono wa mnunuzi aliye mrefu, na hapo ugomvi ulizuka.

Taabu ya namna hiyo iliwapata Wafaransa pia, kwa maana kila jimbo lao lilikuwa na vipimo vyake. Mwaka 1791 iliamuliwa kitafutwe kipimo kisichotoka katika mwili wa mtu yeyote, bali katika dunia yenyewe. Mita moja ingekuwa sehemu moja katika milioni kumi za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta.

Je, nani awezaye kuvuta kamba ndefu kiasi hicho? Hayupo. Hapo ndipo jometri ilipohitajika. Mwaka 1792 wataalamu wawili, Delambre na Méchain, walianza kupima sehemu tu ya masafa hayo, kutoka Dunkerque hadi Barcelona, ili sehemu iliyosalia ipatikane kwa hesabu. Nawe wajua kwamba ukiupata urefu wa upande mmoja wa pembetatu, pamoja na pembe zake, pande mbili nyingine huna haja ya kuzipima. Basi walipanda minara ya makanisa na vilele vya milima wakipima pembe, kila pembetatu ikizaa nyingine. Kulikuwa na mapinduzi na vita. Delambre alikamatwa akidhaniwa kuwa mpelelezi.

Méchain alipatwa na msiba mwingine. Huko Barcelona vipimo vyake vya nyota havikupatana. Tofauti haikufika sehemu moja katika elfu ya digrii, lakini aliona haya akaificha. Siri ile ilimtafuna moyo miaka mingi. Alirudi Hispania kuendelea na upimaji, akafa huko kwa homa mwaka 1804. Delambre ndiye aliyeugundua ukweli katika karatasi za marehemu.

Mita iliyokubaliwa mwaka 1799 ilipungua kwa yapata sehemu mbili katika kumi za milimita, hasa kwa kuwa umbo la dunia halikujulikana barabara. Upungufu huo haukuizuia kuenea duniani. Tangu mwaka 1983 urefu wa mita umewekwa kwa mwendo wa nuru.

Basi, mwanafunzi, siku utakapopima pembe tatu za pembetatu ukapata jumla ya digrii 178, usifute namba ili ifike 180. Andika ulichokiona, kisha upime tena. Kukosea kipimo si aibu. Kuficha kosa ndiko kulikomnyima Méchain raha.