Kuizungumzia Palestina Ukiwa Dodoma: Kauli ya Haki na Ujirani Mwema

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao Dodoma: mwanafunzi wa UDOM, mtumishi aliyeifuata wizara Makao Makuu, mfanyabiashara. Huku visiwani, imamu akiiombea Gaza msikiti mzima huitikia "amin" na hakuna anayeuliza. Kule Bara, mtu wetu yumo bweni moja, ofisi moja na kundi moja la WhatsApp na Wakristo, na maneno yale yale humletea ugomvi. Wengi huishia ama kunyamaza kabisa, ama kulipuka. Yote mawili yana kasoro kisharia, kama itakavyobainika.

Ugumu unatoka wapi

Sababu ya kwanza ni ya lugha. Katika Kiswahili neno "Israeli" linabeba mambo mawili: taifa la zama za Mitume, ambalo Qur'ani inaliita Bani Israil, na dola iliyotangazwa Mei 1948. Dodoma ni makao ya Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa 1927, na Mgogo aliyelelewa humo amelisikia neno hilo kanisani tangu utotoni. Ukimwambia "Israeli inaua watoto", yeye husikia kitabu chake kinatukanwa. Naye akisema "Mungu aibariki Israeli", wewe husikia mabomu yanabarikiwa. Aghlabu hakuna kati yenu aliyekusudia hivyo.

Sababu ya pili ni msiba. Tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israeli kujifunza kilimo, na mwili wa mmoja wao ulikaa Gaza kiasi cha miaka miwili. Kwa watu wengi wa Bara huo ni msiba wa nyumbani. Kwa upande wa pili, hadi Julai 2025 Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 60,000 waliouawa, wakiwemo maelfu ya watoto. Anayewataja wafu wa upande mmoja tu, mwenziwe humwona hana huruma.

Jambo hili si geni nchini

Wapo wanaodhani kuitetea Palestina ni jambo la Waislamu na Waarabu tu. Historia ya nchi yetu inakataa. Tanganyika ilishirikiana na Israeli baada ya uhuru, na Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa 1963 lilipata msaada wake. Uhusiano ulivunjwa 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Aliyekuwa akiongoza ni Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa, naye alilitazama suala la Wapalestina kwa jicho lile lile la ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Tanzania iliitambua Dola ya Palestina 1988. Uhusiano na Israeli ulirudishwa miaka ya 1990, na 2018 ukafunguliwa ubalozi wetu Tel Aviv. Palestina nayo ina ubalozi Dar es Salaam. Basi anayeizungumzia Palestina Dodoma anazungumza jambo ambalo taifa lake limekuwa na msimamo nalo miaka mingi.

Jambo jengine ambalo wenzetu wengi hawakuambiwa ni kuwa miongoni mwa Wapalestina wamo Wakristo. Bethlehemu ni mji wa Palestina. Hospitali ya Al-Ahli mjini Gaza ni ya Kanisa la Anglikana, kanisa lile lile lenye waumini wengi Dodoma. Oktoba 2023 shambulio la Israeli lilipiga eneo la Kanisa la Mtakatifu Porphyrius, Gaza, na kuua Wakristo waliokimbilia humo. Mweleze jirani yako haya kwa upole. Huenda yakafungua mlango ambao kelele zimeufunga.

Sharia inataka nini

1. *Kutonyamazia dhulma.* Hadithi aliyoipokea Imam Muslim inapanga kuondoa munkari kwa mkono, kisha ulimi, kisha moyo. Imam Nawawi ameeleza kuwa kukataza munkari ni faradhi ya kutosheleza. Anayechelea madhara ya kweli ana udhuru wa kubaki na moyo. Asiye na cha kuchelea ila kuchekwa hana udhuru huo.

2. *Uadilifu hata kwa unayemchukia.* Suratul Maida, aya ya 8, inakataza chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Kwa hiyo lawama iende kwa mtendaji: serikali, jeshi, kundi. Kuwalaani Mayahudi wote kwa kitendo cha dola ni dhulma. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza ya Myahudi ilipopita, na alipoulizwa alijibu kuwa na yeye ni nafsi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

3. *Kutotukana cha mwenzio.* Suratul An'am, aya ya 108, inakataza kutukana wanavyoviomba wengine, wasije wakamtukana Allah kwa ujinga. Kejeli juu ya kanisa au Biblia haimfai mtoto hata mmoja wa Gaza.

4. *Kuthibitisha habari.* Suratul Hujurat, aya ya 6, inaamrisha kuchunguza. Picha za vita vyengine husambazwa kila siku kama za Gaza. Usichokithibitisha usikitume.

5. *Qunuti ya nazila.* Katika madhehebu yetu ya Shafii inapendeza kuleta qunuti katika sala za faradhi unaposhuka msiba, baada ya itidali ya rakaa ya mwisho. Mtume (s.a.w.) alileta qunuti mwezi mzima juu ya Ri'l na Dhakwan waliowaua masahaba wasomaji wa Qur'ani. Aliwataja waliotenda, hakuwalaani Waarabu wote. Huo ndio mfano kwa imamu wa Dodoma mwenye kipaza sauti.

Sheria za nchi

Katiba ya 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni. Hata hivyo Kanuni ya Adhabu inakataza maneno ya kukusudia kuumiza hisia za dini za wengine, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza habari za uongo kwa makusudi. Mkusanyiko wa hadhara nao hutaka taarifa kwa polisi mapema. Anayefuata adabu zilizotajwa hapo juu hatakuwa mbali na sheria hizi.

Kwa wazazi

Mwanao akikupigia simu kutoka Dodoma kuwa amekorofishana na mwenziwe wa bwenini kwa ajili ya Gaza, usimwambie "nyamaza tu", wala usimchochee. Mwambie aseme "serikali ya Israeli" anapokusudia serikali, na ampe pole jirani yake kwa wale vijana wawili kabla ya kumweleza ya Gaza. Mazungumzo yakigeuka matusi, aondoke kwa salama. Kisha asiache kuwaombea waliodhulumiwa, kwani mlango huo haufungwi na mtu.

Wallahu a'lam.