Mutisya Munge na Vinyago Visivyo na Saini vya Wamunyu

Uchongaji wa vinyago vya kuuza, ambao leo huhesabiwa kuwa kazi ya asili ya Wakamba, ulianza katika eneo la Machakos baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanzo wake huhusishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu. Kabla yake, mafundi wa Ukambani walichonga zaidi vitu vya matumizi, kama vile mizinga ya nyuki iliyotobolewa katika magogo, miiko, mipini, na vigoda vya wazee vilivyotiwa nakshi ya waya wa shaba. Mutisya alifika katika koloni la Wajerumani, ambalo baadaye liliitwa Tanganyika, wakati wa vita hivyo, akajifunza kwa wachongaji ambao baadhi ya waandishi huwataja kuwa Wazaramo na wengine kuwa Wamakonde, na aliporejea nyumbani akaanza kuchonga sanamu za kuwauzia Wazungu.

Ujuzi huo kwanza ulikaa kwa jamaa na majirani zake, kisha ukaenea vijijini, na Vita vya Pili vilipojaza askari wa kigeni nchini Kenya, kila mmoja akitaka kitu cha kurudi nacho kwao, soko likapanuka kuliko wakati wowote uliotangulia. Mchongaji hukata kipande cha gogo la mpingo au muhugu, akakipa umbo kwa tezo, yaani shoka dogo ambalo bapa lake limelala kukingamana na mpini, akamalizia kwa kisu, halafu kinyago hupigwa msasa, kazi ambayo mara nyingi huachiwa mtu mwingine. Mbao nyeupe iliweza kupakwa rangi nyeusi ya viatu na kuuzwa kwa jina la mpingo, na sanamu ya Mmaasai mwenye mkuki, ambayo mtalii aliichukua kama ukumbusho wa Wamaasai, kwa kawaida ilitoka mikononi mwa Mkamba.

Wachongaji waliohamia Mombasa waliunda chama cha ushirika huko Changamwe mwaka 1963, na Wamunyu nayo ikapata ushirika wake. Katika mfumo wa ushirika, ambapo kazi za wanachama wengi huwekwa pamoja katika ukumbi mmoja wa mauzo, kinyago hutiwa namba ya mwanachama ili kitakapouzwa ijulikane nani alipwe. Namba hiyo ni alama ya malipo, wala haikukusudiwa kumpa mchongaji sifa, na mnunuzi akifika kwao Ulaya huiona kama alama ya bei tu.

Ni jambo la kustaajabisha ukilinganisha na Marekani, ambako wakusanyaji wa kumbukumbu za besiboli hulipa fedha nyingi kwa mpira uliotiwa saini na Connie Mack, aliyekuwa meneja wa timu ya Philadelphia Athletics tangu 1901 hadi 1950, ingawa mpira wenyewe ulitoka kiwandani na yeye hakuushona. Twiga wa Wamunyu amechongwa tangu kwato hadi pembe na mtu anayejulikana kijijini kwake, lakini huuzwa kama kazi ya kabila zima. Bei ndogo ambayo wachuuzi wamekuwa wakiwapa wachongaji kwa miongo mingi imetokana kwa sehemu kubwa na hali hiyo, kwa maana kazi isiyo na jina hubadilishwa kwa nyingine bila mnunuzi kujali.

Mpingo na muhugu vilipopungua kwa kukatwa ovyo, wachongaji walihimizwa kutumia mwarobaini, jakaranda na mwembe, miti inayokua upesi, na wengi walikubali. Kuhusu majina hakujafanyika juhudi ya namna hiyo. Madaftari ya wanachama, yanayounganisha kila namba na mtu wake, ndiyo orodha iliyo karibu zaidi na saini za wachongaji hao, na inafaa vyama vya ushirika pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya viyahifadhi kabla hayajaliwa na mchwa.