Sensa Gani, Fundi?

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi ya gari kuukuu huko Iyula, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni sensa. Ukiuliza sensa gani, utajibiwa sensa ya egzosi, au sensa ya moshi, au oksijeni sensa, kutegemea kama fundi alijifunzia kazi Mbeya, Tunduma au kwa mjomba wake. Majina matatu, kifaa kimoja: chuma kinachofanana na plagi iliyorefuka, kimekazwa kwa nyuzi kwenye bomba la moshi, na nyaya zake zinapanda kuelekea kwenye injini. Ncha yake imo ndani ya moshi wenyewe.

Vitabu hukiita kihisi oksijeni. Wapo wanaosema kitambuzi, nami siwafuati. Kutambua ni kujua ulichokutana nacho, na kifaa hiki hakijui chochote. Kinahisi tu, kisha kinapeleka umeme mdogo kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, na huko ndiko mambo yanakotambuliwa na kuamuliwa. Umbo la neno nalo limenyooka: kinasa sauti hunasa sauti, kipaza sauti huipaza, kihisi oksijeni huhisi oksijeni. Sensa haina ubaya mdomoni mwa fundi, ingawa Agosti 2022, nchi nzima ikisubiri kuhesabiwa, fundi na karani wangeweza kuongea dakika tano kabla ya kugundua kwamba kila mmoja ana sensa yake.

Jina linalonitatiza ni sensa ya moshi. Linampa mwenye gari picha kwamba kazi ya kifaa hiki ni kupima uchafu, na kwamba uchafu ni jambo la watu wa mazingira, si lake. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, lakini si kanuni hizo zinazompeleka mkulima wa kahawa gereji. Kinachompeleka ni petroli aliyoijaza Jumatatu akitegemea imfikishe Ijumaa, ikaisha Jumatano. Na petroli yenyewe imesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, jambo linaloonekana kila mwezi mamlaka ya nishati, EWURA, inapotangaza bei kikomo za kila eneo.

Kihisi hiki hakipimi moshi. Kinapima oksijeni iliyosalia baada ya mwako. Ili petroli iungue kikamilifu, kila kilo moja inahitaji hewa kilo 14.7 hivi. Oksijeni ikisalia nyingi kwenye bomba, maana yake mafuta yalikuwa machache. Ikikosekana, mafuta yalizidi. Ndani ya ncha ya kihisi kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu pande zote mbili. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili na hewa safi ya nje, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu volti 0.1 hewa ikizidi, na 0.45 hivi mambo yakiwa sawa. Kauri hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi. Inataka joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na ndiyo sababu vihisi vingi vina hita ndogo ndani yake.

Kompyuta hufanya kazi kama mpishi anayeonja mchuzi: inaongeza mafuta kidogo, inaonja, inapunguza, inaonja tena, bila kukoma, muda wote injini ikiwa ya moto. Kwa hiyo umeme wa kihisi kizima hautulii. Unapanda na kushuka. Ukiukuta umesimama mahali pamoja, hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyokiingiza kifaa hiki sokoni mwaka 1976, katika magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani, ambako jimbo la California lilikuwa limebana sheria za moshi. Kilifungwa pamoja na kile kifuko cha chuma chini ya gari ambacho wataalamu hukiita kigeuzi kichocheo na mafundi wetu hukiita masega. Hapa mafundi wamewashinda wataalamu. Kata kifuko hicho, utakuta kauri yenye vitundu maelfu vilivyopangana, na hutahitaji kamusi. Kigeuzi kichocheo ni neno la darasani, linaeleza kazi. Masega yanaeleza ulichokiona kwa macho yako, na tena yana thamani, kwa sababu ya platinamu na ndugu zake waliomo ndani. Wanunuzi wanalijua hilo. Wapo wenye magari waliouza masega yao bila kujua kwamba wameyauza, wakidhani fundi amewaondolea takataka iliyoziba egzosi.

Risasi ilikuwa adui wa vyote viwili, kihisi na masega. Petroli ya zamani ilitiwa risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo hujipaka juu ya platinamu na kuizima. Serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka katika ukanda huu. Dunia nzima ilimaliza mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, na tangazo lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililoko Nairobi. Nadhani mazoea ya baadhi ya mafundi wakongwe yanatoka huko nyuma. Aliyejifunza kazi miaka ya 1990 aliona vihisi vikifa mapema, akafunzwa kuchomoa waya na kuendelea na safari. Wakati ule huenda ilikuwa busara. Leo mafuta hayana risasi, mazoea yamebaki.

Ukichomoa waya, gari halizimi, na hapo ndipo penye mtego. Kompyuta ikikosa taarifa hurudi kwenye vipimo ilivyowekewa kiwandani, ambavyo mara nyingi huelemea upande wa mafuta mengi ili injini isiungue. Gari linatembea, taa inawaka, mwenye gari anaizoea au anaifunika kwa kipande cha solotepu, na tenki linakauka.

Iyula iko kwenye nyanda za juu za Mbozi, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya saba. Wazee wa magari ya kabureta wanalikumbuka hili vizuri: gari lililosetiwa pwani likipanda huku linaanza kukohoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi, kwa kuwa mafuta yanayoingia ni ya hewa nzito ambayo haipo tena. Gari la kompyuta hupima kwanza hewa inayoingia, kwa kihisi kingine kilicho juu kwenye njia ya hewa, halafu kihisi oksijeni hufanya marekebisho ya mwisho kutoka upande wa moshi. Magari ya IT yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo hupita Mlowo na Vwawa kila siku, na hayahitaji kusetiwa njiani. Vihisi vyake vinafanya kazi hiyo dereva akisikiliza muziki.

Halafu kuna barabara. Kiangazi, wakati kahawa inavunwa, vumbi la Mbozi huingia kila mahali, eya klina kwanza. Hilo ni rahisi, linapulizwa au kubadilishwa. Jiwe lililogonga egzosi ndilo lenye hila. Bomba likipasuka kabla ya kihisi, hata ufa wa kuingiza kucha tu, kila pigo la moshi linafuatwa na mvuto mdogo unaonyonya hewa ya nje. Kihisi kinakuta oksijeni nyingi na kusema ukweli: kuna oksijeni. Kompyuta inaelewa kwamba mafuta ni machache, inaongeza. Gari linabwia petroli, mashine ya kusomea inataja mchanganyiko wenye mafuta kidogo, fundi anauza kihisi kipya, na kihisi kipya kinasema vilevile. Elfu kadhaa za kuchomelea zingetosha. Sikiliza injini ikiwa baridi asubuhi: ufa wa egzosi hutoa mlio wa tiki-tiki unaopungua chuma kikipata joto na kutanuka.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kifaa hiki kinahisi tu. Kodi, yaani namba ya hitilafu inayotajwa na mashine, ni habari iliyoletwa na kihisi, na mara nyingi haina maana kwamba kihisi kimekufa. P0171 inasema mafuta ni kidogo. P0172 inasema yamezidi. P0420 inasema masega hayafanyi kazi yake, na hiyo hutokana na kihisi cha pili, kile kilicho nyuma ya masega katika magari yanayokuwa nacho. Masega yakishauzwa, kodi hiyo ni ya kutarajia. P0135 ndiyo inayogusa kihisi chenyewe, kwenye saketi ya hita yake.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazielewani na zile mashine ndogo za bluetooth za kuchomeka na kusoma kwa simu. Kwa hizo kuna njia ya kale isiyo na gharama. Fungua kiboksi cha plastiki chini ya boneti, tafuta matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, yaunganishe kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini. Taa itaanza kukonyeza. Mara mbili, kimya kidogo, mara moja: hiyo ni 21, saketi ya kihisi oksijeni. Mbili na tano ni mafuta kidogo, mbili na sita ni mafuta mengi. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi iliyohifadhiwa.

Kabla ya kununua chochote, pima. Mita ya kidijitali inatosha. Kihisi cha Denso chenye nyaya nne huwa na nyeusi mbili, hizo ni za hita. Ya bluu ni ya taarifa, nyeupe ni ya ethi. Gari likiwa limepoa, pima ukinzani kati ya nyeusi mbili: katika Toyota nyingi za rika hilo unatarajia ohmu 11 hadi 16. Usiposoma kitu, hita imekatika. Kisha pasha injini, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, na uangalie volti za waya wa bluu. Vitabu vya Toyota vinataka zipande na kushuka angalau mara 8 katika sekunde 10. Zikiyumba kwa uvivu, mara mbili au tatu, kihisi kimezeeka.

Kukitoa kunataka spana ya 22, mafuta ya kulainisha kutu yaliyoachwa yalowe, na bomba lenye uvuguvugu. Likiwa baridi kabisa nyuzi hung'ang'ania, likiwa la moto utajuta. Tazama ncha. Rangi ya kijivu au hudhurungi isiyokolea ni afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi, pengine nozeli inayovuja, au petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo uliopungua baada ya serikali kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Utando mweupe mara nyingi ni silikoni: kuna mtu alifungua injini na kupaka gundi isiyofaa kwa magari yenye vihisi. Masizi usiyasugue kwa brashi ya waya wala kuyaosha kwa petroli. Tibu chanzo chake, yataungua yenyewe.

Jambo moja ambalo sijalisikia likisemwa sana gereji: vihisi vingi huvuta ile hewa safi ya nje kupitia kwenye nyaya zake, katikati ya nyuzi za shaba. Ukiunga waya kwa solda, umeziba pua. Kadhalika grisi au dawa ya kusafishia ikimwagwa kwenye soketi yake. Unga kwa klipu ya kubana, au nunua chenye soketi kamili.

Na katika kununua ndipo neno sensa linapogharimu fedha. Toyota nyingi za baada ya 2000 hazina kihisi oksijeni mbele. Zina kihisi cha uwiano wa hewa na mafuta, ambacho kwa nje ni pacha wake. Nyuzi zilezile, nyaya nne zilezile, lakini kinazungumza na kompyuta kwa lugha nyingine, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake hata kikikazwa vizuri. Ukimpigia muuzaji wa Kariakoo ukamwambia akutumie sensa ya egzosi kwa basi, atakutumia iliyo karibu na mkono wake. Mpigie picha namba iliyogongwa kwenye chuma cha kile cha zamani. Ikianza na 89465, ni kihisi oksijeni. Ikianza na 89467, ni kihisi uwiano. Mwambie pia kama kinakaa mbele ya masega au nyuma, na urefu wa waya kwa sentimita.